Gari Linalokunywa Upepo

Chunya, 6 Mei 2024

Baba,

Shikamoo, na Mama umfikishie yake. Mwaka na miezi minne imepita tangu nitoke Ipogolo, na muda wote huo nimekuwa nikimtumia Mama ujumbe kwenye simu, wewe sijakuandikia hata mstari. Leo nimeona niandike. Simu najua huisikii tangu sikio la kulia lilipokufa kwa kelele za injini, na jambo nililo nalo ni refu. Likipitia kwa Mama litakufikia limegeuka uji.

Mimi sijambo. Kazi ya ukarani ninayo. Niko kwa mama mmoja wa Kisukuma, Mama Nyamizi, mwenye lori la kusomba tumbaku kutoka vijijini kuileta kwenye ghala la ushirika. Lori analiendesha mwenyewe.

Tatizo ni hilo lori. Tuna fundi anaitwa Isakwisa, kijana wa Tukuyu, mpole lakini hajakomaa. Nilimwambia baba yangu ni fundi, akaniomba nikuulize. Gari ni la dizeli, limenizidi umri. Likiwa tupu linakimbia kama ndama aliyefunguliwa kamba. Ukilipakia na kulielekeza mlimani, katikati ya kilima linapungukiwa nguvu, linakohoa, mwisho linazima. Ukilipumzisha kidogo na kupampu kwa mkono linawaka tena, kama vile halikufanya kosa lolote. Halafu chini ya filta pana unyevu wa dizeli. Isakwisa amekaza kila nati mpaka amechubuka vidole, na unyevu uko palepale.

Fundi mmoja wa hapa mjini alisikiliza injini dakika tano, akasema pampu ya nozeli imekufa, ifunguliwe ipelekwe Mbeya. Ikipelekwa gari litakaa juu ya mawe mwezi mzima, na wanunuzi wa tumbaku wanakuja tarehe nne Juni. Kuna vijiji viwili huko ndani ambako hakuna gari jingine linalokubali kwenda. Wakulima wa huko wakikosa soko hilo watangoja mzunguko mwingine, na jani likikaa sana linakauka, linavunjika, daraja linashuka. Jasho la mwaka mzima la watu wale liko kwenye marobota ya tumbaku hiyo.

Isakwisa haamini kama pampu imekufa, ila hajui ubovu uko wapi. Naomba umsaidie.

Mwanao,
Lusia


Ipogolo, Iringa, 10 Mei 2024

Lusia mwanangu,

Marahaba. Lusekelo, yule kondakta wa basi la Mbeya, aliniletea bahasha mpaka gereji, akasimama kungoja soda. Nilipoona mwandiko wako nilikwenda kukaa kwenye tairi kwanza.

Uliondoka na hasira, na mimi nikabaki na ya kwangu. Tuyaache hayo. Gari linangoja.

Pampu ya nozeli isiguswe. Mafundi wa dakika tano wanaipenda kwa sababu iko mbele ya macho. Na huyo Isakwisa aache kukaza. Nati iliyokwisha kukazwa, ukiiongezea nguvu unakula uzi wake tu.

Aoshe njia yote ya dizeli, kuanzia tangi hadi pampu, kwa maji na sabuni. Akaushe vizuri, apake unga wa chaki, kisha gari litembee kilomita mbili na kurudi. Penye kuvuja chaki itabadilika rangi. Dizeli ni mjanja, inatoka juu, inatambaa na bomba, inadondokea chini, na wewe unakwenda kukaza pale ilipodondokea. Nadhani atakuta ni washa za shaba, zile pete za kuzibia, kwenye bolti za filta. Washa ya shaba ikishabanwa mara moja inakuwa ngumu, ukiirudisha haizibi. Aweke mpya. Kama hazipatikani azichome mpaka ziwe nyekundu, azitupe majini, zitalainika.

Kisha afunge geji ya presha baina ya pampu ndogo ya kuvutia na ile kubwa ya nozeli. Pampu ndogo ndiye mchota maji, kubwa ndiye mpishi. Mpishi asipoletewa maji, usimlaumu kwa kukosa ugali. Ila geji isisomwe gari likiwa limesimama. Hiyo ni sawa na kumpima mtu nguvu akiwa kitandani. Avute mpira mrefu, geji ifungwe nje ya dirisha, gari lipande kilima na mzigo wake, na yeye akitazama mshale. Aniambie mshale unafanya nini. Anachofikiri yeye sikitaki kwa sasa.

Baba yako,
Aroni Mhongole

Mimi mama yako naongeza hapa chini. Barua yako ameisoma mara tatu, chakula kikapoa, na miwani aliyovaa ni yangu. Kula ushibe mwanangu. Blandina.


Chunya, 16 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Tulipaka chaki (niliipata kwa mwalimu wa shule ya msingi, akadhani naanzisha darasa) na baada ya kilomita mbili ilikuwa imelowa juu kabisa, kwenye washa za shaba za filta, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepatazama. Washa mpya hazikupatikana. Tulizichoma kwenye jiko la mama ntilie. Mwanzoni alitushangaa, baadaye akawa anapuliza mkaa mwenyewe. Sasa filta ni kavu kama sahani iliyofutwa.

Tulifurahi nusu siku. Kesho yake tulipakia, na gari likafia kilimani palepale.

Geji tuliazima kwa mtu wa mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Kwenye tambarare mshale unasimama vizuri, hautikisiki. Kilima kikianza unabaki pale kwa kama mita mia, halafu unaanza kutetemeka kama mkono wa mtu mwenye homa, na huku ukitetemeka unashuka. Hauporomoki kwa mara moja. Unashuka, unapanda kidogo, unashuka tena zaidi. Injini inazima ukiwa karibu na sifuri. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani muda wote, vumbi limejaa mdomoni, yaani Isakwisa ndiye alikuwa ametoa kichwa, akaniambia. Pampu ndogo tumeifungua na kusafisha vali zake. Hazina ubovu.

Yule fundi wa mjini amepita tena kwa Mama Nyamizi. Amemwambia siku zinakwisha, na watoto wanachezea gari lake. Jana Mama Nyamizi alikaa kwenye ngazi ya gari, akihesabu siku zilizobaki kwa vidole.

Baba, kwa nini mshale utetemeke?

Lusia


Chunya, 17 Mei 2024

Kwa Baba Lusia, Ipogolo.

Mwangaluka, baba. Hunijui. Mimi ni Nyamizi, mwenye lori. Anwani yako nimeiona juu ya bahasha ambayo Lusia alimpa dereva wa Noah ya abiria, na Lusia hajui kwamba nakuandikia. Naandika kama ninavyoendesha, polepole, unisamehe.

Kwanza nakushukuru kwa huyu fundi uliyetuzalia. Alikuja Chunya kama karani wa ushirika. Mwezi wa tisa mwaka jana gari langu lilizimika njiani, akapita akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, kavaa sketi na viatu vizuri. Akashuka. Hakunisalimia, alizunguka gari mara moja, kisha akasema, "Mama, una spana namba kumi na nne?" Baada ya nusu saa gari liliwaka. Sketi iliharibika kabisa. Wiki ile ile nilimwomba aache ukarani aje kwangu, akakubali kabla sijamaliza kusema. Tangu siku hiyo gari langu halina fundi mwingine.

Sasa baba, nina swali. Mimi na mume wangu tulitoka Shinyanga na ng'ombe, tukaja Usangu, na alipofariki nikauza ng'ombe nikanunua lori. Ndugu zake walicheka sana. Kwa hiyo kuchekwa nimekuzoea. Ninachoogopa ni wakulima. Wamenipa neno lao kwamba tumbaku yao itapanda kwenye gari langu na si la mtu mwingine. Fundi wa mjini anasema pampu, Lusia anasema si pampu. Naona anahangaika, anakula amesimama, anaongea na gari. Nikimsikiliza yeye na ikawa ni pampu kweli, vijiji viwili vimekosa soko. Nikimsikiliza yule mwingine, soko tumelikosa tayari.

Wewe ndiye uliyemfundisha. Nijibu bila kumpendelea kwa kuwa ni damu yako. Nimwamini?

Nyamizi


Ipogolo, 21 Mei 2024

Mama Nyamizi,

Salamu zako nimezipokea, nami nakupa kamwene ya Kihehe.

Umeniomba nisimpendelee. Ngoja nikwambie usichokijua: huyo mtoto nilimfukuza gerejini kwangu na kumwambia siku atakayoshika spana tena asinitaje kuwa baba yake. Ananiandikia kwamba ni karani, na kwamba fundi wako ni kijana mmoja wa Tukuyu. Kwa hiyo sijui anajua nini sasa. Mikono yake sijaiona muda mrefu.

Lakini barua zake mbili nimezisoma, nikazisoma tena. Nilimwagiza aniambie mshale unafanya nini, akaniambia unavyotetemeka na unavyoshuka, basi. Asichokijua aliniuliza. Nimefundisha mafundi kumi na wanne katika maisha yangu, na waliofika mbali ni wale waliosema walichokiona tu.

Mwamini. Na barua hii usimwonyeshe.

Aroni Mhongole


Ipogolo, 21 Mei 2024

Lusia mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Huyo Isakwisa si mchanga kama ulivyonieleza. Kupaka chaki wengi wanaweza, ila kutazama mshale mita mia bila kupepesa macho ni kazi ya fundi. Ana wazazi? Wanajua alivyo hodari? Kama hawajui, mtu awaambie.

Mwulize pia kama anaweka mawe kwenye matairi kabla ya kuingia chini ya gari, na kama ana stendi za chuma za kuegemeza gari au anategemea jeki peke yake. Ulipate jibu lake uniandikie. Hilo sitaki aruke.

Sasa mshale. Mshale unaotetemeka maana yake pampu inavuta dizeli iliyochanganyika na upepo. Mmezoea kutafuta uvujaji kwa kutazama maji yanapodondoka. Lakini baina ya tangi na pampu ndogo dizeli haisukumwi, inavutwa, kwa hiyo tundu la upande huo halidondoshi kitu. Linakunywa. Unaweza kulipaka chaki mwaka mzima likabaki jeupe.

Afanye hivi: achukue dumu safi la dizeli, alifunge imara nje, nyuma ya kabini, avute mpira mpya moja kwa moja mpaka kwenye pampu ndogo, aliache tangi kabisa. Mpakie, mpande kilima. Gari likifa tena, nitanyamaza na pampu iende Mbeya. Likipanda, pampu zote mbili hazina hatia, na mwizi yuko kati ya pampu na tangi. Hapo aweke mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, atazame mapovu yanatokea wapi.

Mwambie asiogope kukosea mbele yangu.

Baba yako,
Aroni


Chunya, 29 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, Noah inaondoka, na nina mawili ya kukuambia. Naanza na lililo rahisi.

Dumu tulifunga Ijumaa. Gari lilipanda kilima na mzigo wake wote bila kukohoa. Mama Nyamizi alipofika juu alisimamisha, akashuka, akalipiga boneti kofi kama anavyopigwa ng'ombe mzuri. Basi pampu ni nzima.

Tukabadilisha mpira wote kutoka tangi mpaka pampu, na klipu mpya. Nikaweka kipande cha plastiki ya kuona ndani. Likafa tena, na mapovu nikayaona kwa macho yangu yakipita kama shanga. Mpira mpya, klipu mpya, na upepo bado unaingia. Nilikaa chini, karibu nilie.

Ndipo nikakumbuka kitu. Siku ile ya chaki tulipopeleka gari kituo cha mafuta na kujaza tangi, jioni yake lilipanda kilima na mzigo vizuri, na sisi tukadhani ni kwa ajili ya washa. Lilipokufa kesho yake, safari za vijijini zilikuwa zimekwisha kula zaidi ya nusu ya tangi. Nikaanza kuhesabu safari zote. Halijawahi kufa tangi likiwa zaidi ya nusu, Baba. Hata mara moja. Nikamwambia Mama Nyamizi tujaze. Akajaza, tukapanda, likapita. Tukanyonya dizeli mpaka ikabaki robo, tukapanda, likafa. Basi nikajua tundu liko ndani ya tangi lenyewe. Nilifungua juu nikachomoa lile bomba la chuma linaloshuka kunywa dizeli. Katikati ya urefu wake, pale linaposugua kibati cha ndani kinachozuia dizeli isiyumbe, pana ufa mwembamba kama unywele. Dizeli ikiwa juu ya ufa, hakuna shida. Ikishuka, na gari likiinama mlimani dizeli yote ikikimbilia upande mmoja, ufa unabaki nje na bomba linakunywa upepo.

Sikungoja jibu lako. Bomba nimelitoa, nikalipeleka mbali na tangi, fundi wa kulehemu akaliziba kwa shaba mbele yangu. Nililijaribu ndani ya ndoo ya maji kwa kulipuliza, halikutoa povu. Kesho tunalirudisha. Zimebaki siku sita.

La pili. Hakuna Isakwisa. Hajawahi kuwepo. Vidole vilivyochubuka ni vyangu, na kichwa kilichotoka dirishani ni changu. Uliniambia nikishika spana nisikutaje, lakini gari liliponishinda sikuwa na mtu mwingine wa kumtaja. Mawe kwenye matairi naweka, kila mara. Stendi za chuma ninazo nne. Kama umekasirika niandikie hivyo hivyo ukiwa umekasirika, usinyamaze.

Lusia


Ipogolo, 29 Mei 2024

Lusia,

Barua yangu ya mwisho bado hujaijibu, najua mko kazini. Lakini nimeshindwa kungoja, na mama yako amesema kama siandiki leo ataandika yeye, kwa ukali.

Najua hakuna Isakwisa. Mama Nyamizi aliniandikia, usimkasirikie, hakujua ni siri. Hata hivyo nilikuwa nimeanza kushuku kabla yake. Karani hawezi kuandika kwamba mshale unatetemeka kama mkono wa mtu mwenye homa. Karani angeandika kwamba presha iko chini.

Sasa sikiliza la kwangu. Siku ile lori lilipoteleza kwenye jeki, wewe ukiwa chini yake, kila mtu wa Ipogolo alisikia nikikufokea kwamba gereji si mahali pa msichana. Kilichotokea kabla ya hapo hawakukijua. Umati ulipotawanyika Eliezeri wa duka la vipuri alinivuta pembeni akaniambia, "Mzee, mtoto alikuita mara tatu." Uliita kwamba jeki inateleza. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwako, nimekupa mgongo, nasafisha nozeli. Eliezeri alisikia akiwa ng'ambo ya barabara. Mimi sikusikia. Ulijiburuta ukatoka peke yako, na gari likakaa mahali kifua chako kilipokuwa.

Nilipokuwa nakufokea nilikuwa bado sijui. Nilipojua, ningeweza kukufuata stendi ya mabasi nikwambie. Nilikwenda mpaka karibu na ofisi ya mabasi, nikakuona umekaa juu ya begi, nikageuka. Ni rahisi mtu kusema mtoto hafai kuliko kusema mimi sikusikia mwanangu akiita.

Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Nisamehe. Gerejini nimefunga kengele na nimeweka sheria kwamba hakuna anayeingia chini ya gari bila stendi, hata mimi. Lakini hilo ningelifanya kabla.

Niambie gari limefikia wapi. Kwa jina lako mwenyewe.

Baba yako


Chunya, 6 Juni 2024

Baba Lusia na Mama Lusia,

Mwangaluka. Lusia amelala, na nimekataza mtu kumwamsha ingawa ni saa nne asubuhi. Kwa hiyo nawaandikia mimi.

Bomba alilirudisha siku ya Alhamisi. Ijumaa akanitaka tulijaribu likiwa na robo tangi tu, na mzigo. Wakulima wa kijiji cha kwanza walikuja kutazama, na yule fundi wa mjini naye alikuja, akasimama nyuma ya watu amefumbata mikono. Tulipanda. Lusia alikuwa nje ya dirisha na geji yake. Pale gari linapofiaga nilikaza usukani kama utanikimbia. Likapita. Niliposikia injini haibadilishi sauti nilianza kuimba, na mimi sijaimba tangu msiba wa mume wangu.

Tuliposhuka yule fundi alimkaribia. Nilidhani ataleta maneno. Akamwuliza, "Umelikuta wapi tatizo?" Lusia akamwonyesha, akaeleza lote, hadi ile hesabu ya tangi, hakumficha. Yule bwana akainama, akatazama, akasema hilo hakulifikiria. Kisha akavua koti, akakaa nasi siku nzima akipakia marobota. Leo ni rafiki.

Jumamosi, Jumapili na Jumatatu tulikwenda safari tisa. Jumapili mchungaji alitusamehe kukosa ibada, na wanakwaya wakapakia. Robota la mwisho liliingia ghalani Jumatatu jioni, na Jumanne wanunuzi walipofika tumbaku ya vijiji vyote viwili ilikuwa imepangwa. Bibi mmoja, Tupokigwe, mkulima wa siku nyingi, alimletea Lusia jogoo, akamwambia huyo ni wa fundi, asimpe mwenye gari. Nimekunywa supu tu.

Barua yako, baba, ilifika Jumamosi katikati ya kazi. Aliisomea kwenye ngazi ya gari. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kifuani, akaingia chini ya gari kuangalia bolti ambayo niliijua haina shida. Alikaa huko muda. Alipotoka uso ulikuwa umelowa na umejaa grisi, akaniuliza tunangoja nini.

Mwezi wa saba nalipumzisha gari ili afungue giaboksi, inapiga kelele. Anasema ni kazi ya watu wawili na hajui amwite nani. Mimi sijui giaboksi. Najua kuuliza tu.

Nyamizi


Ipogolo, 11 Juni 2024

Fundi Lusia,

Barua yako na ya Mama Nyamizi zilifika siku moja, kwa sababu Lusekelo ya kwako alikuwa ameisahau ndani ya basi wiki nzima. Nimemnyima soda.

Hilo la kuhesabu tangi nimelisoma mbele ya vijana wote gerejini. Nimewauliza nani angelifikiria. Nikawaambia hata mimi nisingelifikiria. Ningebadilisha mipira mpaka Krismasi. Eliezeri alikuwepo, akapiga makofi, na nikamwacha apige.

Ulisema kama nimekasirika niandike nikiwa nimekasirika. Sijakasirika. Nimekosa usingizi kwa furaha, na mama yako amechoka kunisikia nikirudia habari ya ufa mwembamba kama unywele. Amekwisha kuwasimulia wanawake wote wa jumuiya, na kwenye masimulizi yake bomba limekuwa na nyufa tatu.

Kuhusu giaboksi. Ni nzito, na mtu akiishusha peke yake inamvunja mgongo. Inahitaji fundi mmoja wa kusema na mwingine wa kutii. Nitafunga gereji yangu kwa wiki mbili kuanzia tarehe sita Julai. Tutafika Chunya mimi na mama yako. Yeye anasema anakuja kuhakikisha sisi wawili tunakula. Mimi nakuja na ovaroli. Sema spana namba ngapi, nami nitakupa hiyo hiyo, bila kuuliza ya nini.

Jana jirani aliniona nikifua hiyo ovaroli, akaniuliza mzee kama mimi nakwenda kutafuta nini Chunya. Nimemwambia nimepata kazi.

Baba yako,
Aroni Mhongole